Kuunda na Kupaka Rangi Modeli ya Gari la Safari Rally: Datsun 240Z ya 1971 kwa Kipimo cha 1/24

Gari dogo la plastiki huonekana kama gari la kweli pale tu vitu vyote vilivyo juu yake vinapokuwa vimepunguzwa kwa kiasi kimoja. Watengenezaji hupunguza urefu, upana na umbo, na hufanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, lakini unene wa rangi, ukali wa mng'ao na ukubwa wa chembe za vumbi huachiwa mjenzi. Katika kipimo cha 1/24, ambacho ndicho kinachotumiwa zaidi na viwanda vya Japani kama Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, gari lenye urefu wa mita 4.1 huwa na urefu wa milimita 171 hivi. Rangi ya gari halisi lililotoka kiwandani huwa na unene wa takriban mikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo rangi ya modeli ingepaswa kuwa na unene wa mikroni nne tu. Hakuna mkono unaoweza kufikia wembamba huo, lakini kila hatua inayousogelea huifanya modeli iaminike zaidi, na kila tabaka la ziada huirudisha kwenye kundi la vitu vya kuchezea.

Mwongozo huu unafuata ujenzi wa gari moja, Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliiendesha na kushinda Safari Rally ya mwaka 1971. Hasegawa wameitoa kama seti ya plastiki ya kipimo cha 1/24. Nimeichagua kwa sababu inakutanisha mambo magumu karibu yote ya kazi hii katika gari moja: rangi nyekundu, ambayo ni ngumu kuipata ipasavyo, rangi mbili zinazopakana, stika zinazopita juu ya mikunjo ya bodi, na vumbi. Katika hilo la mwisho, msomaji wa Afrika Mashariki ana faida ambayo mjenzi wa Shizuoka, huko Japani, au London hana, kwa maana amekwisha kuona jinsi vumbi linavyokaa kwenye gari lililotoka safari ndefu.

Kuamua ni gari la saa ngapi

Kabla ya kukata kipande chochote, kusanya picha na uamue ni wakati gani wa maisha ya gari unaotaka kuuonyesha. Nissan, waliotengeneza magari ya Datsun, bado wanalitunza gari lenyewe huko Japani na wamelikarabati, kwa hiyo picha zake za siku hizi zinaonyesha gari safi linalong'aa kwa taa za ukumbini. Picha za mwaka 1971 zinaonyesha gari jingine kabisa kwa sura, lenye tope, mikwaruzo na mabonyeo kwenye bodi. Gari linaloondoka kwenye jukwaa la kuanzia na gari linalofika mwisho baada ya maelfu ya kilomita hayawezi kupakwa rangi kwa namna moja, na modeli nyingi hupoteza uhalisia kwa kuchanganya nyakati hizi mbili, bodi ikimetameta kama kioo huku matairi yakiwa yamejaa tope. Picha za ukarabati zitumie kwa ajili ya umbo, nafasi ya taa na mpangilio wa ndani. Picha za enzi hizo zitumie kwa ajili ya uchafu na uchakavu.

Vifaa

Vinavyohitajika hasa si vingi. Tafuta plaizi ndogo yenye makali ya kukatia vipande kutoka kwenye fremu ya plastiki vinamokuja vimeshikana, kisu chembamba chenye nembe za kubadilisha, kibano, msasa wa maji wa namba 400, 800, 1000, 2000 na 3000, maskingi tepu nzuri isiyoacha gundi, gundi nyembamba ya plastiki, gundi nyeupe ya mbao, na kompaundi ya kung'arishia rangi. Kwa upande wa rangi, makopo ya kupuliza yanatosha kwa bodi, ingawa bomba dogo la kupulizia rangi pamoja na kompresa humpa mtu uwezo mkubwa zaidi, hasa katika hatua ya vumbi. Kama fedha inatosha kwa kitu kimoja tu cha bei, usinunue bomba kwanza. Nunua barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa huzuia chembe za rangi kwa kiasi fulani lakini haizuii mvuke wa tina (kimiminika cha kupunguzia rangi) hata kidogo, na kupuliza laka, yaani rangi ya tina kali, ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa mapafu na ni hatari ya moto pia.

Kuandaa bodi

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha viache vikauke vyenyewe, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mabaki ya mafuta yanayosaidia kipande kutoka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Baada ya hapo shika bodi chini ya taa na uigeuze polepole. Utaona mistari myembamba iliyoinuka kidogo juu ya madigadi, kwenye nguzo za paa na kwenye pembe za bampa. Hapo ndipo pande mbili za kalibu zilipokutana, na gari halisi halina mstari wowote mahali hapo. Iondoe kwa msasa wa namba 800 uliolowa maji, ukifuata mviringo wa bodi na si kukandamiza mahali pamoja.

Hatua inayofuata hurukwa na wengi, nami naihesabu kuwa miongoni mwa zile zenye faida kubwa kuliko zote. Mwanya wa mlango wenye milimita 5 kwenye gari halisi huwa milimita 0.2 tu kwenye modeli, na praima (rangi ya chini ya kushikia), rangi na vanishi kwa pamoja zinatosha kuuziba hadi ubaki mkwaruzo hafifu. Kwa hiyo, kabla ya praima, pitisha upande wa nyuma wa ncha ya kisu ndani ya mistari ya milango, boneti na mlango wa nyuma, mara nyingi na kwa nguvu kidogo sana, mpaka mistari iwe na kina cha kutosha. Mtu anayekandamiza kwa haraka huteleza na kuchora mstari mpya katikati ya mlango. Kwenye kona, anza konani na uvute kuelekea nje, usivute kuelekea konani.

Gundi ya plastiki huyeyusha nyuso mbili na kuziunganisha ziwe kitu kimoja, kwa hiyo tone moja linatosha, tena liwekwe kwa brashi upande wa ndani baada ya vipande kushikanishwa. Gundi ikitokeza nje, usiifute. Iache ikauke kabisa, kisha isawazishe kwa msasa, kwa sababu kidole kinachofuta gundi mbichi huacha alama yake ndani ya plastiki milele.

Nyekundu

Rangi nyekundu ina kiasi fulani cha kupitisha mwanga, hivyo kilicho chini yake huonekana. Juu ya praima ya kijivu hugeuka kuwa nyekundu nzito ya matofali, na mjenzi hulazimika kuongeza tabaka baada ya tabaka akiitafuta rangi aliyoiona kwenye picha, huku akiharibu ule wembamba alioutafuta tangu mwanzo. Dawa yake ni praima nyeupe, au ya waridi kwa anayetaka nyekundu yenye joto zaidi. Praima ikishakauka, ikague chini ya taa, kwani itaonyesha kila mkwaruzo uliojificha kwenye plastiki tupu, kisha isugue taratibu kwa msasa wa namba 2000 uliolowa mpaka uso uwe laini chini ya kidole.

Kama unatumia kopo, liweke kwa dakika chache ndani ya maji ya uvuguvugu yanayovumilika kwa mkono, kamwe si maji yanayochemka wala karibu na moto. Joto hilo dogo huongeza shinikizo ndani ya kopo na kufanya rangi itoke katika matone madogo zaidi. Likoroge kwa dakika mbili nzima. Puliza kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20, ukianza kubonyeza kabla ya kufika kwenye bodi na kuachia baada ya kuipita, ili yale matone makubwa ya mwanzo na ya mwisho yaangukie hewani. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu, nyeupe ikionekana wazi chini yake, na mwenye haraka atavutwa sana kuifunika hapo hapo, asifanye hivyo. Subiri dakika 10 hadi 15, puliza la pili, kisha la tatu, na hili la mwisho ndilo linalopaswa kuwa na unyevu wa kutosha kujisawazisha. Ukipuliza kutoka mbali mno, rangi hukauka kabla ya kufika na uso huwa na vinundu kama ganda la chungwa. Ukipuliza kutoka karibu mno, rangi hutiririka na kujikusanya kwenye kingo za chini.

Hali ya hewa ina neno kubwa katika jambo hili. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, unyevu wa hewa hufanya laka ipate utando mweupe, kwa kuwa tina inapovukiza hupooza uso wa rangi na maji ya hewani hugeuka matone juu yake. Alfajiri ni wakati mbaya zaidi ingawa hewa imetulia, maana unyevu huwa juu kuliko saa nyingine za mchana. Alasiri ya siku kavu, kivulini na mahali pasipo upepo, ndiyo inayofaa. Nairobi, Arusha na kwingine kwenye nyanda za juu tatizo huwa vumbi, na sanduku la karatasi ngumu la kuifunikia bodi mara tu baada ya kupuliza linatosha kulizuia.

Kujua kama rangi imekauka, usiiguse, inuse. Kama bado inatoa harufu ya tina, tina bado iko ndani na haijamaliza kutoka. Ipe siku mbili tatu. Jambo jingine la kukariri ni mpangilio wa aina za rangi. Enameli na akriliki hupakwa juu ya laka bila matatizo, lakini laka ikipulizwa juu ya enameli huikunja na kuiharibu kwa dakika chache tu.

Stika, vanishi na boneti nyeusi

Stika za maji hukaa vizuri juu ya uso unaong'aa na laini. Juu ya uso wenye mikwaruzo hewa hubaki chini yake na kung'aa kama fedha kila upande wa herufi, na hapo jicho hutambua mara moja kuwa ile namba 11 ni karatasi iliyobandikwa. Kata kila stika karibu sana na mchoro wake, iloweshe kwa nusu dakika, iache juu ya kitambaa chenye unyevu mpaka iteleze yenyewe, kisha iteleze kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bodi, si kuinyanyua kwa kibano. Maji maalumu ya kulainisha stika hufanya ilale ndani ya mistari ya mlango. Itakunjamana kwanza na kutisha, lakini usiiguse, nayo itajinyoosha. Ikishakauka, ikate kwa kisu kipya penye mstari wa mlango na uongeze tone la maji hayo, kwa sababu kwenye gari halisi namba hukatika pale mlango unapofunguka.

Baada ya siku moja au mbili puliza vanishi ya kung'aa, tabaka mbili za kwanza zikiwa kavu na nyembamba mno, maana vanishi ya laka ikimwagwa nyingi kwa mara moja inaweza kuyeyusha stika. Ikishakauka kwa wiki nzima, isawazishe kwa msasa wa namba 3000 na kumalizia kwa kompaundi, ukiziepuka kingo kali ambako rangi ni nyembamba kuliko popote. Kwa gari la safari, simama kabla ya kufikia mng'ao wa kioo.

Boneti naiacha iwe ya mwisho. Magari ya mbio yalipakwa nyeusi isiyong'aa mahali hapo ili jua lisiakisi machoni mwa dereva, na kompaundi ikigusa rangi ya namna hiyo huiharibu. Funika bodi yote kwa maskingi tepu na karatasi, bana ukingo wa tepu kwa kijiti cha meno, kisha puliza kwanza tabaka jembamba la vanishi kwenye ukingo huo. Vanishi itaingia chini ya tepu popote palipo na upenyo na kuuziba, na nyeusi itakayofuata haitapenya. Usitumie nyeusi kamili. Kitu kidogo kikitazamwa kwa karibu hupaswa kuonekana kama kikubwa kilichotazamwa kutoka mbali, na kutoka mbali hewa hufifisha rangi zote, nyeusi kuliko nyingine. Ichanganye na kijivu kidogo. Ondoa tepu kwa kuikunja juu yake yenyewe na kuivuta polepole, kabla nyeusi haijakakamaa.

Ndani, matairi na vioo

Ndani ya gari hakuhitaji kazi nyingi kama wengi wanavyodhani, kwa sababu mwanga mdogo tu huingia kupitia madirisha. Viti, dashibodi na zulia viwe na nyeusi tatu tofauti kidogo, na mikanda iwe ya kitambaa chembamba au tepu iliyopakwa rangi badala ya ile iliyochorwa kwenye plastiki. Matairi ya mpira husuguliwa kwa msasa wa namba 400 sehemu inayogusa barabara, ili weusi wa kiwandani uondoke na kubaki kijivu cha mpira uliotumika.

Vipande vya kromu vya kiwandani hung'aa kupita kiasi na huwa na kovu pale vilipokatwa kutoka kwenye fremu. Viloweke kwenye Jiki, kromu itatoka yote, kisha vipake nyeusi ya kung'aa na juu yake rangi ya fedha nyembamba. Vioo na taa vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supagluu huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, na ukungu huo hautoki kwa kufuta.

Vumbi

Chembe ya mchanga laini yenye upana wa milimita 0.1 ikiwekwa juu ya modeli ya 1/24 husomeka kama kokoto ya milimita 2.4. Ndiyo maana mchanga au udongo halisi uliochukuliwa barabarani, hata kama umetoka kwenye barabara ileile ya mashindano, huonekana kama uwongo. Tumia unga wa rangi uliosagwa mno, au chaki iliyokwanguliwa kwa kisu na kuchujwa kwa soksi ya nailoni, ukichanganya njano ya udongo, kahawia na nyekundu kidogo mpaka upate rangi ya eneo ulilolichagua. Udongo mwekundu wa nyanda za juu na ule mweusi unaonata wa mbugani hutoa magari yenye sura tofauti, na zote mbili zilikuwa sehemu ya mashindano haya, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika na vumbi hukutana njiani.

Anza kwa kuingiza rangi nyembamba ya kahawia iliyokoza katika mistari ya milango. Nyeusi juu ya gari jekundu hufanya mistari ionekane kama imechorwa kwa kalamu. Halafu chukua akriliki ya rangi ya vumbi, ipunguze kwa tina yake mpaka iwe karibu maji matupu, na uipulize kwa bomba kwa shinikizo dogo, ukifuata njia ambayo vumbi lenyewe hupita. Hurushwa na matairi, kwa hiyo huwa zito nyuma ya kila gurudumu na kwenye sehemu ya chini ya milango, na hupungua kadiri unavyopanda. Nyuma ya gari hufunikwa kuliko mbele, kwa sababu gari linapokimbia huacha pengo la hewa nyuma yake na vumbi huvutwa kulijaza. Paa hupata utando mdogo ulio sawa. Kuzunguka vitasa vya milango futa kidogo kwa pamba yenye unyevu, kwani mikono hugusa hapo kila kituo.

Kioo cha mbele ndicho kinachomaliza kazi ya kushawishi jicho. Kabla ya kukibandika, kata maskingi tepu kwa umbo la pinde mbili zinazofagiwa na waipa, zibandike juu ya kioo, puliza vumbi, kisha zibandue. Zitabaki sehemu mbili safi zenye kingo kali, na vumbi litajaa kwenye pembe za juu na katikati pale waipa zisipofika. Hakikisha pinde hizo zinaanzia mahali waipa za gari lako zilipo, kwa maana kosa la milimita mbili hapa huonekana na kila mtu, hata asiyejua kwa nini anahisi kuna kitu hakiko sawa.

Tope hutengenezwa kwa unga uleule uliochanganywa na vanishi isiyong'aa, nalo hurushwa kutoka kwenye brashi ngumu kwa kijiti, kutoka upande wa gurudumu kuelekea nyuma. Weka kwanza lililokauka, ambalo ni jeupe zaidi, kisha matone machache ya lililo bichi, jeusi zaidi. Usipulize vanishi juu ya unga mkavu baada ya kumaliza, kwani utazama na kutoweka karibu wote. Badala yake dondoshea tone la tina ya enameli kwenye ukingo wa sehemu yenye unga, nalo litasambaa lenyewe na kuushikiza.

Modeli iliyokamilika iwekwe ndani ya sanduku la plastiki angavu, mbali na dirisha, kwa sababu jua hufifisha nyekundu na kuzifanya stika nyeupe kuwa njano. Mahali matairi laini yanapogusa kitako cha plastiki, weka kipande cha karatasi au foili katikati. Kemikali zilizomo kwenye baadhi ya matairi hutoka polepole, na kwa miaka huyeyusha plastiki iliyo chini yake.